Amani ya Mungu Ikae Getini Desemba Hii

SOMO LA WIKI

Maandiko: Luka 2:1–20, Wafilipi 4:2–19
Mstari wa kukariri: Wafilipi 4:7. Ufungue katika Biblia yako na uusome kwa sauti mara tatu kabla ya kuendelea.
Lengo la somo: Tujue amani ya Mungu inafanya kazi gani, na tuipe nafasi katika mambo manne yanayotusumbua zaidi msimu huu: kazi, pesa, jamaa na msiba.

Utangulizi

Desemba imeingia, na hapa kwetu Pwani ya Kusini hatuhitaji kalenda kuijua. Barabara ya Diani imejaa magari ya wageni kutoka Nairobi. Foleni ya feri pale Likoni imerefuka. Hoteli zimejaa, ofu zimefutwa, na mama mboga wa Ukunda anakwambia bei ya nyanya huku anaangalia kando. Usiku simu inalia kutoka bara: "Mnakuja lini? Na mnakuja na nini?"

Katika maombi ya mwezi huu, haja zinazoletwa mbele ni zile zile. Nauli. Karo ya Januari. Kibarua ambacho hakieleweki kama kitaendelea baada ya msimu. Ndugu wawili wasiosalimiana. Mama ambaye hataki hata kusikia neno Krismasi kwa sababu mwaka huu alizika.

Sasa, wengi wetu tumeiweka amani mwisho wa orodha. Tunasema: nikishapata nauli nitatulia. Nikishalipa karo nitalala. Wageni wakishaondoka nitapumua. Kila mwaka orodha inaisha na kingine kinaongezeka, na Januari inatukuta tumechoka kuliko tulivyokuwa Novemba.

Neno la Mungu lina mpangilio mwingine. Amani ya Mungu si mshahara unaolipwa baada ya mambo yote kukamilika. Inakuja mapema, kama mlinzi anayeripoti kazini jioni, ili ikushike wakati mambo yenyewe bado hayajakaa sawa. Hilo ndilo somo letu leo.

1. Krismasi ya kwanza haikuwa likizo

Tukisoma Luka 2 polepole tutaona jambo ambalo kadi za Krismasi hazituonyeshi. Ile safari ya Yusufu na Mariamu haikuwa ya kutembea. Ilikuwa amri ya serikali. Kaisari Augusto alitaka watu waandikishwe, na kila mtu alipaswa kwenda kwao. Kutoka Nazareti hadi Bethlehemu ni zaidi ya kilomita 100. Ni kama kutoka feri ya Likoni hadi mpakani Lunga Lunga na zaidi, tena bila matatu, na mama ni mjamzito. Walipofika, hakukuwa na nafasi. Anayejua kutafuta chumba Diani wiki ya Krismasi anaelewa.

Tena angalia jambo hili. Augusto huyu alijulikana kama mtu aliyeleta amani. Kule Roma ilijengwa madhabahu ya amani kwa heshima yake, ikawekwa wakfu mwaka wa 9 kabla ya Kristo. Ilikuwa amani ya kodi na majeshi: ilimpendeza aliye juu, na aliye chini akaibeba. Wakati wa mfalme huyo ndipo malaika walipotangaza amani nyingine.

Waliitangaza kwa nani? Luka 2:8 inatuambia kulikuwa na wachungaji kondeni wakilinda kundi usiku, kwa zamu. Kwa lugha yetu, watu wa shifti ya usiku. Hawakuwa wamepewa ofu. Hawakuwa na familia zao. Habari ya amani iliwakuta kazini, wamevaa nguo za kazi, wakinuka kondoo.

Ndugu yangu unayelinda geti la hoteli tarehe 24 usiku, habari hii ilianza na mtu kama wewe. Dada unayetandika vitanda vya watu walio likizoni huku watoto wako wanakula sikukuu bila wewe, hujasahauliwa. Muuguzi wa zamu pale Msambweni, dereva wa tuktuk, mpishi anayekaanga samaki hadi saa sita za usiku: Mungu hakungoja wachungaji wamalize kazi ndipo awatafute. Nawe binti yetu uliye Saudia katika nyumba ya watu, mahali ambapo tarehe 25 Desemba ni siku kama siku nyingine, familia yako ikikusomea somo hili kwa simu, jua malaika walifika kondeni kabla sauti hiyo haijafika mjini.

Luka 2:20 inasema wachungaji walirudi. Walirudi wapi? Kwa kondoo wao. Kazi ilikuwa ile ile na usiku ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni wao, kwa maana walirudi wakimtukuza Mungu.

Neno moja kwa familia za wanaofanya kazi sikukuu. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Tunachojua kutoka historia ni kwamba kanisa la Roma lilikuwa linaadhimisha tarehe 25 Desemba kufikia mwaka 336. Tunaiheshimu tarehe hiyo, lakini haituamuru. Kama baba ana ofu tarehe 28, pikeni chapati tarehe 28. Someni Luka 2 tarehe 28. Mtoto atakumbuka kwamba baba alikuwepo, hataulizia kalenda.

2. Amani ni mlinzi, si mgeni wa msimu

Twende Wafilipi 4:7. Paulo anasema amani ya Mungu, ile inayoshinda hesabu za akili zetu, itaihifadhi mioyo yetu na nia zetu ndani ya Kristo. Neno alilolitumia katika Kiyunani ni la kijeshi. Ni kazi ya askari wanaolinda mji. Ni neno lile lile alilolitumia katika 2 Wakorintho 11:32 akisimulia jinsi liwali alivyoweka ulinzi Dameski ili wamkamate. Kwa hiyo Paulo hakulitoa neno hili hewani. Aliwahi kulindwa ili ashikwe, na alipoandika barua hii alikuwa tena kifungoni, askari wakiwa karibu (Wafilipi 1:13).

Walioandikiwa nao waliwajua askari. Filipi lilikuwa koloni la Roma, na wengi wa waliopewa mashamba pale walikuwa wanajeshi waliostaafu. Tena kumbukeni kanisa lile lilianzaje. Matendo 16 inasimulia Paulo na Sila wakiimba gerezani usiku wa manane, tetemeko, milango ikafunguka, na mlinzi wa gereza akaokoka yeye na nyumba yake. Mlinzi wa usiku, wapendwa! Biblia haisemi kama yule bwana alikuwa amekaa kanisani siku barua iliposomwa. Lakini watu kama yeye ndio walioanza kanisa lile, na wao waliposikia kwamba amani ya Mungu inalinda, walielewa bila kufafanuliwa.

Sisi wa Kwale pia tunaelewa. Mlinzi hazuii mvua isinyeshe. Hazuii umeme usipotee. Kazi yake ni mlango: nani anaingia, nani anabaki nje. Vivyo hivyo amani ya Mungu haikuahidi kwamba nauli haitapanda. Inakaa mlangoni mwa moyo, ili hofu ya nauli isiingie ikakaa sebuleni kama mwenye nyumba.

Na kwa nini nasema si mgeni wa msimu? Kwa sababu tukiiweka amani yetu juu ya msimu, tumeshaona mwisho wake. Mwaka 1997, baada ya machafuko ya Likoni mwezi wa Agosti, watalii walikimbia na watu wengi wa hoteli wakakosa kazi. Mwaka 2014, mashambulizi ya kigaidi na maonyo ya serikali za nje yalipunguza ndege za watalii, na hoteli kadhaa za Pwani zikafunga milango. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa sababu ya Korona, zikarudi tarehe 1 Agosti, na hata baada ya hapo wageni walikuja kidogo kidogo. Halafu Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium, ulioanza uzalishaji mwaka 2013, ulimaliza uchimbaji wake hapa Kwale, na nyumba nyingi zilizokuwa zikitegemea payslipu ile zikala Krismasi zikiwaza mwaka unaofuata.

Sisemi haya kutisha mtu. Nasema kwa sababu wako wazee katika kanisa letu waliopita katika miaka hiyo yote na bado wanakuja kesha wakiimba. Ukitaka mahubiri ya Wafilipi 4, kaa na mmoja wao nusu saa, umuulize: "Mzee, mlikula nini mwaka ule, na mliomba vipi?"

3. Zitaje haja zako kwa majina

Amani hii inaingiaje? Mstari wa 6 unatangulia mstari wa 7. Paulo anatuambia tusijisumbue, bali kila jambo tulipeleke kwa Mungu kwa kuomba, kwa kusihi na kwa shukrani. Angalieni: kila jambo. Si yale ya kiroho pekee.

Wengine tunaomba kwa jumla jumla. "Bwana, bariki msimu huu, funga kila roho ya upungufu." Amina, lakini upungufu wenyewe ni kiasi gani? Mwambie Mungu: "Baba, napungukiwa elfu tatu na mia tano ya sare ya shule, na mwalimu mkuu anataka kabla ya kufungua." Mungu haoni haya kusikia bei. Na wewe ukishataja kiasi, lile lililokuwa giza kubwa usiku linakuwa jambo lenye kipimo. Wakati mwingine utagundua ulikuwa unaogopa elfu tatu na mia tano kana kwamba ni laki tatu.

Halafu kuna shukrani. Paulo hakuiweka shukrani baada ya jibu. Ameiweka ndani ya ombi lenyewe. Kwa hiyo kila haja unayoitaja, taja pia jambo moja ambalo Mungu alishafanya mwaka huu. Taja kwa jina na kwa mwezi. Mtoto aliyelazwa Machi akapona. Kibarua kilichopatikana Julai. Usiseme umekosa la kutaja. Uko hai, unasoma.

4. Hesabu kabla ya kusafiri

Kuna wapendwa wanaofikiri kupiga hesabu ni kukosa imani. Bwana mwenyewe, katika Luka 14:28–30, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: je, hakai kwanza akahesabu gharama? Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika utumishi, na ninawaambia, Desemba ina mtego mmoja ambao wengi hatuuoni. Waajiri wengi wanalipa mapema, labda tarehe 20, ili watu wapate pesa ya sikukuu. Tunafurahi. Lakini mshahara unaofuata ni tarehe 31 Januari. Hesabu siku: ni 42. Mshahara ni ule ule wa kila mwezi, ila sasa unalisha siku 42 badala ya 30.

Tuchukue mfano wa mtu anayepokea shilingi 24,000:

Fungu la kumi: 2,400
Kodi ya nyumba ya Januari: 4,000
Karo na mahitaji ya shule: 6,000
Jumla: 12,400
Kinachobaki: 11,600

Gawa 11,600 kwa siku 42. Unapata kama shilingi 276 kwa siku, chakula, maji, tokeni za stima na boda vyote ndani yake. Na bado hatujataja nauli ya kwenda bara, ambayo msimu huu inapanda, wala nguo za watoto, wala mbuzi. Sasa unaona kwa nini watu huita Januari Njaanuari. Njaa ya Januari hupikwa Desemba.

Hapo ndipo mkopo wa simu unaponong'ona. Dakika mbili tu, pesa imeingia. Tuseme umekopa 5,000 kwa ada ya asilimia 9 kwa mwezi. Januari unadaiwa 5,450, wakati ule ule wa karo. Ukikosa, unakopa kwingine ulipe huku. Mithali 22:7 inatuonya kwamba mkopaji huwa mtumwa wa aliyemkopesha, na mtumwa halali vizuri hata kama nyumba ina mlinzi.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Kwanza, siku pesa inapoingia, kabla hujaenda sokoni, tenga karo na kodi mahali ambapo kidole chako hakifiki kwa urahisi. Pili, pesa ya chama mliyogawana Desemba ipe kazi kabla hujaipokea, maana pesa isiyo na kazi hupata kazi yenyewe. Tatu, piga simu nyumbani mapema, useme ukweli. Mtu mzima anaweza kusema: "Mama, shikamoo. Mwaka huu sitaweza kuja Krismasi. Nitakuja Aprili. Nakutumia elfu moja ya sukari na unga, na watoto watakusalimia kwa simu." Ni simu ya dakika tano, na ni ngumu, najua. Lakini ni afadhali kuliko kwenda kwa deni, kuonekana tajiri siku tatu, kisha kurudi Ukunda ukimkwepa mwenye nyumba.

Naongeza hili kwa ujasiri: hata kanisani. Usikope kwa simu ili utimize ahadi ya harambee au uonekane umetoa. 2 Wakorintho 8:12 inafundisha kwamba utoaji unakubalika kulingana na kile mtu alicho nacho, wala si kile asicho nacho. Ukiwa na 50, leta 50 kwa furaha.

Paulo mwenyewe, katika Wafilipi 4:15–18, anawaandikia kwa lugha ya vitabu vya hesabu: kutoa na kupokea, faida katika hesabu yao, na katika mstari wa 18 neno lililoandikwa kwenye risiti za siku zile kuonyesha malipo yamepokelewa kamili. Alipokea zawadi yao, akawapa risiti, asiwabane wazidishe. Na katikati ya maneno hayo ya pesa ndipo aliposema amejifunza kuridhika akiwa na vingi na akiwa na vichache (4:11–12). Amejifunza. Hakuzaliwa nayo. Kuridhika ni darasa, na Desemba ni mtihani wake.

5. Patana na nduguyo kabla ya pilau

Watu wengi hawajui kwamba mistari ya amani katika Wafilipi 4 imetanguliwa na ugomvi. Mstari wa 2 unataja wanawake wawili, Euodia na Sintike, waliofanya kazi ya Injili pamoja na Paulo, na sasa hawaelewani. Paulo anawataja kwa majina mbele ya kanisa zima, anawasihi wawe na nia moja, na anamwomba mtu mwingine awasaidie. Baada ya hapo ndipo anafika kwenye furaha, upole, maombi na amani.

Sikukuu inakusanya watu, na inakusanya pia mambo yaliyolazwa mwaka mzima. Shamba la baba ambalo halijagawanywa. Mahari ambayo haijaisha. Shemeji aliyekopa akanyamaza. Mama mkwe na mke jiko moja. Maneno yaliyoandikwa kwenye grupu la familia usiku wa manane. Mkikaa kwenye mkeka mmoja na sahani moja ya pilau, hayo yote yako pale yanakula pamoja nanyi.

Ushauri wangu ni mfupi. Usingoje siku ya sikukuu kuzungumza mambo mazito, maana watu wamechoka, watoto wanasikia, na wengine wamekunywa. Piga simu wiki moja kabla. Kama jambo ni kubwa, tafuta mtu wa tatu anayeheshimiwa na pande zote, kama Paulo alivyofanya. Na mkishakutana, upole wenu ujulikane (4:5). Si kila neno linahitaji jibu siku hiyo hiyo.

Hapa kwetu amani inavuka pia ukuta wa nyumba. Majirani wetu wengi ni ndugu Waislamu, Wadigo na wengineo, tunaochota maji kisima kimoja. Warumi 12:18 inatutaka tukae kwa amani na watu wote kwa kadiri ya uwezo wetu. Wako wenzetu Waislamu kazini wanaokubali kutushikia shifti ya Krismasi. Basi Idi ikifika, uwe wa kwanza kusema, "Nenda nyumbani, nitakushikia." Spika za kesha pia tuzipime. Jirani mwenye mtoto mgonjwa asije akajua Yesu amezaliwa kwa kukosa usingizi.

6. Kwa aliyefiwa

Mpendwa, kama mwaka huu ulizika, sehemu hii ni yako. Usilazimishwe kucheka. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro (Yohana 11:35), akijua kwamba dakika chache mbele atamfufua. Kulia si kukosa imani.

Mwaka 1844 mmishonari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosina. Julai ya mwaka huo huo Rosina alijifungua mtoto wa kike, na homa ikawachukua wote wawili. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krismasi ya mwaka ule Krapf hakuwa na mke wala mtoto. Hata hivyo hakuiacha kazi ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na mwaka 1846, mwenzake Rebmann alipomfikia, wakaanzisha kituo Rabai. Tunaposoma Neno kwa lugha yetu leo, mmoja wa walioanza kazi hiyo aliianza karibu na kaburi.

Usiku wa kuamkia kufa kwake, Bwana Yesu aliwaachia wanafunzi amani yake, akawaambia haifanani na ile ulimwengu unayotoa (Yohana 14:27). Aliitoa akijua msalaba uko asubuhi. Kwa hiyo amani yake inaweza kukaa nyumba moja na machozi. Mlinzi hafukuzwi kwa sababu mwenye nyumba analia.

Na sisi wengine tusimwache. Mama huyu asile Krismasi peke yake. Mpelekee sahani, ukae, umtaje marehemu kwa jina. Wengi wanaogopa kutaja, na yeye anadhani amesahauliwa.

Hitimisho: Mlinzi huyu ni wa nani?

Kuna amani ya Mungu, na kuna amani na Mungu. Ya kwanza ni Wafilipi 4:7, ya pili ni Warumi 5:1. Huwezi kuomba askari wa mfalme akulinde wakati una vita na mfalme mwenyewe. Kama hujampa Yesu maisha yako, unaweza kupanga bajeti yako vizuri, ukapatana na shemeji, na bado usiku moyo ukakosa mwenyewe. Tubu leo, mwamini Yesu, umkaribishe awe Bwana wako. Huhitaji kungoja kesha la tarehe 31. Wachungaji wa Bethlehemu hawakungoja pambazuko.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Andika haja zako tano, kila moja na kiasi chake au jina lake. Andika kando yake shukrani moja. Omba juu ya karatasi hiyo kila asubuhi.
2. Piga hesabu ya siku 42 pamoja na mwenzi wako, na watoto wakubwa wasikie.
3. Piga simu mbili: moja ya ukweli nyumbani, na moja kwa mtu mliyekosana.
4. Mtafute mshirika mmoja anayefanya kazi sikukuu na mmoja aliyefiwa. Panga siku ya kula naye.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi vya nyumbani

1. Wachungaji walirudi kazini baada ya kumwona Yesu. Kwako wewe, kurudi kazini ukimtukuza Mungu kunaonekana vipi?
2. Ni hofu gani ambayo imeingia getini kwako na kukaa kama mwenye nyumba?
3. Kanisa letu linaweza kupunguza mzigo gani wa kifedha kwa washirika msimu huu?
4. Someni Wafilipi 4:8 pamoja. Ni nini kinachoingia kupitia simu zenu Desemba ambacho mlinzi angekizuia?

Sala

Baba, tunakushukuru kwa Yesu, aliyezaliwa safarini na kutangazwa kwa watu waliokuwa kazini. Tunakuletea nauli, karo, kodi, kazi zetu na jamaa zetu. Unayajua majina na viwango vyote. Wakumbuke walio zamu usiku huu Diani, Ukunda na Msambweni, na wanetu walio mbali. Wafariji waliozika. Tupe ujasiri wa kusema ukweli kuhusu pesa na unyenyekevu wa kupatana. Weka amani yako getini mwa mioyo yetu, Roho wako Mtakatifu atufundishe kuridhika, na Januari itukute tungali tunakusifu. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.